Yumo Ndani, Anafanya Kazi
Umeme ulikatika tena alfajiri hapa Mwanga, Kigoma, na sitaupotezea neno, kwa kuwa wenzangu mnaujua. Uliporudi, seva yetu iliwaka, ila programu ya stakabadhi ikabaki kimya. Nikaiamuru skripti ya kuiwasha (faili la amri zinazotekelezwa moja baada ya nyingine), kwa heshima zote, nayo ikanijibu: "Tayari inafanya kazi."

Inafanya kazi wapi? Wateja saba wamesimama dirishani, mama wa migebuka ameniuliza mara tatu kama mashine imelala, nami naambiwa inafanya kazi!

Chanzo ni kijifaili kimoja. Programu inapoanza, namba ya mchakato wake, yaani namba ambayo mashine huitambulia ikiwa kazini, huandikwa humo, ili skripti ijue ni nani wa kumzima baadaye. Ikizimwa kistaarabu, faili hufutwa. Umeme ukikatika, hakuna wa kulifuta. Waungwana huliweka kwenye folda ya /run, ambayo hukaa katika kumbukumbu ya muda na huanza tupu kila mashine inapowaka. Aliyetuandikia skripti (Mungu amrehemu, ingawa yu hai) aliliweka kwenye diski. Basi skripti ikasoma humo namba 812, ikaiuliza kernel, kiini cha mfumo wa mashine, kama 812 yupo, ikaambiwa yupo. Kweli yupo, lakini huyo ni mtumishi wa printa, programu ya kuchapa, aliyejipatia namba hiyo leo asubuhi, maana mashine ikiwaka namba hugawiwa upya kuanzia mwanzo. Skripti haikumuuliza hata jina! Mwaka 1871 Stanley alikuja kwa miguu mpaka Ujiji, jirani zetu hapa, kumtafuta Daktari Livingstone, ambaye wengi walidhani amekwisha kufa, na inasimuliwa kwamba hata alipomwona ana kwa ana alitaka kwanza kuhakikisha kuwa ndiye. Skripti yetu ingempa mkono mpagazi wa kwanza, ikamwita Daktari, kisha ikageuza kurudi pwani.

Nikasema, haya, zima kisha washa. Ikazima. Ikamzima mtumishi wa printa! Ikatangaza ushindi, ikaiwasha programu, na sasa stakabadhi zipo, wa kuzichapa hayupo.

Nimewahi kupendekeza tuikabidhi kazi hii systemd, msimamizi wa programu katika Linux, inayoifuatilia michakato kwa makundi ya kernel yenyewe badala ya kuamini kikaratasi. Bosi aliuliza bei. Nikamwambia ni bure, akaanza kuitilia shaka.

"Mwanangu," akasema mama wa migebuka, "si uniandikie tu kwa mkono?"

Nikakitoa kitabu cha stakabadhi. Karatasi ya kaboni imekwisha tangu Ramadhani.