Watu kwanza, sawa. Na mbuzi je?

Mvua za Dodoma ni chache, ila zikiamua kunyesha hazina mzaha. Korongo lililokuwa kavu asubuhi, jioni linabeba ng'ombe. Nyumba ya tembe nayo, paa lake la udongo likishalowa siku mbili, haiagi kabla ya kuanguka. Wenye nyumba hupelekwa shule ya jirani, na ugomvi wa kuingia na mifugo huanzia hapo hapo mlangoni mwa darasa.

Msimu mmoja, vijijini Mpwapwa, nilimwona bibi akizuiwa mlangoni. Alikuwa na mjukuu, tenga la kuku wawili na mbuzi kwa kamba. Mtendaji alimwambia kwa upole, "Bibi, humu ni watu tu." Bibi akajibu, "Mwanangu, huyu mbuzi ndiyo sare na madaftari ya mtoto." Mtoto akaingia, bibi akalala barazani na mbuzi wake. Kulipokucha hakuwepo; alikuwa amerudi kwake, kwenye ukuta mmoja uliosalia.

Mtendaji hakuwa na roho mbaya. Darasani kulikuwa na familia kadhaa, watoto wanatambaa sakafuni, maji ya kunywa yanaletwa kwa boza. Mbwa wa nani amechanjwa, nani ajue? Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, kupona ni karibu muhali. Na ukichanganya mifugo ya kaya kumi usiku mmoja, daktari wa mifugo atakukumbusha homa ya mapafu ya ng'ombe. Hoja hii ni nzito, na kwa makundi makubwa sina jibu lake.

Lakini "watu kwanza" inachukulia kwamba mtu anabanduka kwa mifugo yake kama stempu kwenye bahasha. Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans mwaka 2005, wapo waliokataa kuondoka bila mbwa na paka wao, na mwaka 2006 Marekani ikatunga sheria ya kuwaingiza wanyama hao kwenye mipango ya uokoaji. Sisi hatulali na mbwa kitandani, wengi wetu walau, ila hesabu ni ile ile. Kwetu ina sura mbaya zaidi: baba anabaki na zizi, mama anakwenda shuleni na watoto, simu inaisha chaji, na siku ya tatu kila mmoja anamtafuta mwenzake. Mara nyingi maji hayakuitenganisha familia hiyo. Walitenganishwa na mlango wa darasa.

Kuwakutanisha tena ni kazi ya pole pole. Mtoto wa miaka mitatu ukimuuliza mama yake anaitwa nani, atakwambia "mama". Picha ya WhatsApp inasambaa kwa dakika, lakini inamfikia pia mtu asiyemhusu akaja kudai ni wake. Msalaba Mwekundu wana huduma ya kuunganisha familia, yenye maswali mengi na fomu. Zamani nilikereka na ucheleweshaji ule. Siku hizi naona maswali yale ndiyo ulinzi wenyewe wa mtoto.

Ng'ombe naye anahitaji ushahidi. Mgogo anamjua wake kwa rangi, pembe na sikio lililokatwa, lakini jirani aliyemwokota anaweza kuapa vilevile. Sheria ya utambuzi na usajili wa mifugo ipo tangu 2010. Hereni za utambulisho, zile za sikioni mwa ng'ombe, wafugaji wengi waliziona kama mlango mwingine wa kutoa hela, na siwalaumu. Siku ya mafuriko, hata hivyo, ng'ombe hana cha kujitetea zaidi ya hicho kipande sikioni.

Kwa hiyo mimi namuunga mkono mtendaji kwa nusu: mbuzi asiingie darasani. Ila Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati hadi kijijini, na kamati inaweza kuwaambia vijana wakate miiba wajenge boma nyuma ya uwanja. Ni kazi ya asubuhi moja. Kuku na mbuzi wachache wa kila kaya waandikwe ukurasa mmoja na mwenyewe, mbwa wafungwe mbali.

Yule bibi alirudi siku ya tatu kufuata mgawo wa unga. Jina lake lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu, pembeni limeandikwa "hayupo". Mjukuu alikuwa amechukuliwa na shangazi yake kwenda Kibaigwa tangu jana yake, na karani hakuwa na namba ya huyo shangazi.