Ng'ombe Walishakwisha, Njia Bado Ipo

Kila nikituma kwenye grupu la familia picha ya baiskeli iliyoganda tope jeupe la chaki, hakosi mtu wa kuuliza: "Yaani umevuka bahari kwenda kuendesha baiskeli kwenye njia za ng'ombe? Si ungebaki Shinyanga?" Shemeji yangu ndiye kinara wao. Nami humwambia hajakosea, ni njia za ng'ombe kweli. Ila huku England ng'ombe waliacha kuzipita zamani na njia hazikuguswa, ilhali kwetu ng'ombe bado wanapita kila asubuhi na njia ndizo zinazotoweka.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, unaoitwa gravel: ni baiskeli yenye usukani uliokunjwa kwa chini kama za mashindano, lakini matairi ni mapana, milimita 40 na zaidi, na nyingi bei yake inazidi bodaboda mpya. (Hapo mama mdogo huwa anazima simu.) Watu wanaiacha lami makusudi, wanatafuta changarawe, vumbi na njia za msituni. Mwaka 2020 chama cha waendesha baiskeli, Cycling UK, kilizindua mzunguko wa takriban kilomita 350 unaoitwa King Alfred's Way. Unaanzia Winchester, unapita karibu na mawe ya kale ya Stonehenge, unafika Avebury, unashuka hadi Reading ninakoishi, kisha unazunguka kurudi Winchester. Kilichofanyika hasa ni kuziunganisha njia zilizokuwepo tayari, nyingine zikiwa na umri wa maelfu ya miaka.

Kipande ninachokipenda ni Ridgeway, kutoka Streatley kwenda magharibi. Ni kama kilomita 70 za mgongo wa vilima, na karibu zote zinaruhusu baiskeli. Unapanda kwanza hadi mapafu yanalalamika, kisha unatokea juu, upepo unakupiga, bonde liko chini upande wa kaskazini, na mbele yako ni mstari mpana wa nyasi na chaki, yale mawe meupe laini. Kiangazi chaki inakauka inakuwa ngumu kama sakafu. Ikinyesha, inageuka utelezi ambao hata mtu aliyekulia kwenye mbuga nyeusi ya Usukumani anauvulia kofia. Na humo kwenye chaki kuna mawe ya gumegume, yaleyale ambayo wazee wa kale waliyachonga kuwa visu. Bado ni visu. Tairi likipasuliwa ubavuni na gumegume, hata ile dawa nyeupe ya kuziba pancha inayomwagwa ndani haifui dafu. Na huko juu hakuna fundi aliyekaa chini ya mwembe na beseni la maji. Unaitengeneza mwenyewe au unaisukuma hadi kijijini.

Sasa, njia hii ni pana kwa nini? Kwa sababu ilikuwa ya mifugo. Wachungaji walipitisha huku kondoo na ng'ombe kuelekea minadani, na East Ilsley, kijiji kilicho karibu tu na njia, kilikuwa na mnada mkubwa wa kondoo uliojulikana mbali. Leo hakuna mnada. Mifugo inasafirishwa kwa malori, na wengi wanaoshinda kijijini humo nadhani hawajui kondoo anashikwaje. Lakini njia ipo, upana wake upo, na mwenye shamba la pembeni hana ruhusa ya kuimega.

Hapa ndipo ninapotaka ndugu zangu wanisikilize. Uzuri wa mandhari si hoja yangu. Mandhari tunayo, tena ya kuwagawia. Hoja yangu ni daftari. Sheria ya mwaka 1949 ilizitaka halmashauri za England na Wales ziandae ramani rasmi ya njia zote za umma, na njia iliyochorwa humo ni ushahidi tosha mahakamani. Ukiwa porini unajua upo wapi kwa kutazama kibao: mshale wa njano ni njia ya miguu, wa bluu ni njia ya farasi, wa zambarau haupitishi magari, mwekundu ni wa vyombo vyote. Baiskeli iliruhusiwa kwenye njia za farasi mwaka 1968, kwa sharti kwamba mwendesha baiskeli awapishe waenda kwa miguu na wapanda farasi. Kwa hiyo ukimwona farasi mbele, unapunguza mwendo, unapaza salamu mapema ili mnyama asikie sauti ya mtu asishtuke, unapita taratibu. Mageti yenyewe yana mkono mrefu wa chuma uliosimama juu, ili aliye mgongoni mwa farasi afungue bila kushuka.

Mkulima akilima njia inayokatiza katikati ya shamba lake, sheria inampa siku 14 mara ya kwanza kuirudisha ipitike. Na watu wakipita mahali kwa miaka 20 mfululizo bila kificho wala kuomba ruhusa, na mwenye ardhi asioneshe kwamba hakukusudia iwe njia ya umma, wanaweza kudai iandikwe kuwa ya umma. Ikishaandikwa, mwenye ardhi akifa, akiuza, akifilisika, njia inabaki palepale.

Kwetu? Njia ya kwenda lambo tuliyoipita tukiwa watoto imefungwa kwa waya wa miiba. Mtu wa mjini alinunua eneo kihalali, akalipa, akaweka uzio. Simlaumu, maana hakuna karatasi yoyote iliyomwambia kwamba hapa hupita mbuzi wa kijiji kizima. Mapalio ya ng'ombe nayo yanamegwa hatua mbili kila msimu wa kulima, hadi ng'ombe wanalazimika kupita kwenye mahindi ya mtu. Kisha tunaitana kwenye kikao cha usuluhishi, fidia inatajwa, fimbo zinainuliwa, na redioni wanasema "mgogoro wa wakulima na wafugaji" kana kwamba ni chuki ya kuzaliwa nayo. Mara nyingi ni njia tu iliyokosa mwenyewe.

Nisieleweke vibaya, siwasujudii Waingereza. Hizo njia ni mabaki. Kati ya karne ya 18 na ya 19 Bunge lao lilipitisha maelfu ya sheria za kuzungushia uzio ardhi za pamoja, na maskini wa vijijini wakapoteza malisho na kuni. Ardhi ilikwenda, kilichosalia ni haki ya kupita. Hata hiyo haki ni finyu: katika England ni kama moja ya tano tu ya njia za umma inayoruhusu baiskeli. Ukiingiza baiskeli kwenye njia ya miguu unaweza kukutana na mzee mwenye mbwa atakayekukumbusha sheria kwa upole unaochoma kuliko tusi. Uskoti wako mbele zaidi: tangu sheria yao ya 2003 unaweza kupita karibu kote, kwa miguu, farasi au baiskeli, mradi uwe na adabu. Na Shinyanga hakuna aliyewahi kuniuliza kibali cha kupita popote. Uhuru wa aina hiyo ni mtamu sana, mpaka siku uzio unapofika.

Wala sitaki mtu anisomee kama yule mgeni anayesifia vumbi la wenzake. Lami tunaitaka. Mama mwenye uchungu usiku wa masika hahitaji changarawe ya kimapenzi. Baiskeli ya Swala yenye keria ya nondo, inayobeba magunia mawili ya mkaa, si burudani, ni ajira. Lakini lami ya barabara kuu haichukui nafasi ya kinjia cha kwenda kisimani, na serikali inayojenga barabara kuu haitajua kinjia hicho kipo kama kijiji hakijakitaja.

Nafasi ya kukitaja ipo. Tangu sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999, vijiji vyetu vinaweza kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi na kuupitisha kwenye mkutano mkuu. Wataalamu wakija na vipimo vyao, watu wengi hukazania mipaka ya mashamba, wapi makazi, wapi malisho. Njia zinasahauliwa kwa kuwa kila mtu anadhani zinajulikana. East Ilsley pia zilijulikana, na bado waliziandika.

Kijiji chetu kimepangiwa kupimwa baada ya mavuno. Nimempigia mjomba, nikamwomba asimame mkutanoni ataje njia tatu: ile ya lambo, ile ya mnadani na ile ya kisimani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema atazitaja mbili za kwanza. Ya kisimani, mwanangu, tayari ina nyumba ya mtu, na imeshapigwa bati.