Nusu asilimia ya fidia: mwajiri amepumua, mfanyakazi amepata nini?

Kabla ya Julai 2015, mfanyakazi wa Tanzania Bara aliyepata ulemavu wa kudumu kazini hakuweza kudai zaidi ya shilingi 108,000 kwa sheria iliyorithiwa kwa mkoloni. Akifariki, wategemezi wake waliambulia 83,000. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ulifuta aibu hiyo. Leo aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi hulipwa pensheni kila mwezi, inayokokotolewa kwa asilimia 70 ya kipato chake, na mchango wote ni wa mwajiri.

Bodi ya Mfuko ina wawakilishi wa waajiri na wa wafanyakazi. Kilio kikubwa cha waajiri kilikuwa kiwango: sekta binafsi ilitozwa asilimia 1 ya mishahara, Serikali 0.5. Kilio kikasikika. Julai 2021 kiwango kilishuka hadi 0.6, na mwaka uliofuata kikafika 0.5. Kampuni yenye mishahara ya shilingi milioni 50 kwa mwezi sasa hulipa 250,000 badala ya 500,000.

Naona waajiri walikuwa na hoja. Hakukuwa na sababu ya maana ya kumtoza mwenye kiwanda mara mbili ya Serikali, na mchango mwepesi humwondolea mwajiri mdogo kisingizio cha kutojisajili. Lakini pensheni ya mjane au ya kijana aliyekatika mikono hulipwa kwa miaka mingi kutokana na michango hiyo, kwa hiyo chama cha wafanyakazi kinachokubali punguzo kinapaswa kuuliza kinarudi na nini.

Suala gumu zaidi ni kiwango kuwa kimoja kwa wote. Benki na machimbo ya kokoto huchangia asilimia ileile. Huo ni mshikamano, na nauheshimu, ila mwenye machimbo hapati nafuu yoyote ya mchango akinunua kofia ngumu na kuweka kinga kwenye mashine zake. Ujerumani, ambako bima hii ilianza kwa sheria ya 1884, waajiri huchangia kulingana na hatari ya kazi, na waajiri na wafanyakazi huendesha vyombo vya bima kwa viti sawa. Tungeweza kuiga. Hofu yangu ni kwamba mchango ukipanda kwa kila ajali, ajali zitafichwa. Hata sasa zipo zinazomalizwa kienyeji: saidia fundi anaanguka kutoka jukwaa la ujenzi, analipiwa hospitali, anapewa fedha kidogo ya kumtuliza, na Mfuko haupati taarifa. Hana mkataba wa maandishi, kwa hiyo anakubali.

Ndiyo maana ushirikiano wa kwenye bodi haunitoshi. Ajali hutokea kwenye karakana, na taarifa yake humtegemea mwajiri yuleyule ambaye huenda alizembea. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 tayari inataka wawakilishi wa usalama; wengi wao wamebaki majina ukutani. Vyama vilivyo chini ya TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, vidai kifungu kimoja katika kila mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri: taarifa ya ajali isainiwe na mwajiri pamoja na mwakilishi wa usalama, na nakala ibaki kwenye tawi la chama. Kwa mwajiri aliyekwisha kupunguziwa nusu ya mchango, gharama yake ni karatasi na kalamu, na kibarua aliyeumia anapata shahidi asiyeweza kunyamazishwa kwa fedha ya hospitali.