Mwacheni Mtoto Azungumze Wakati wa Kula

Adabu nyingi za chakula tulizolelewa nazo zimelegea, lakini moja bado inasimamiwa kwa ukali uleule wa zamani: mtoto anyamaze mpaka sinia liondolewe. Niliisikia tangu utotoni Tanga, na juzi nimeisikia tena Dar es Salaam nilipoalikwa chakula cha usiku kwa jamaa zangu, na safari hii imeniudhi kiasi kwamba nimeshindwa kukaa kimya.

Tulikuwa tumekaa jamvini tumelizunguka sinia la wali na samaki wa kupaka. Binti wa nyumba, ambaye yuko darasa la tatu, akaanza kutueleza jinsi mwalimu wao alivyowatoa nje ya darasa kwenda kumtazama kinyonga aliyekuwa kwenye mwarobaini wa shule. Alikuwa amefika pale ambapo wenzake walianza kukimbia, baba yake akamkatiza: "Kula wewe. Mtoto haongei kwenye chakula." Aliyasema hayo bila kuinua uso. Kwa kuwa mkono wake wa kulia ulikuwa na wali, simu aliishika kwa mkono wa kushoto na kuipekua kwa kidole gumba, na baada ya muda alicheka peke yake kwa jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeliona. Mtoto aliinama, akaendelea kuichambua miiba ya samaki ambayo alikwisha kuimaliza, na mpaka tunanawa hakusema neno tena.

Simsemi baba yule kwa ubaya, kwani ni mtu mwema anayehangaika kutwa nzima kwa ajili ya watoto wake. Ninachokipinga ni ile imani kwamba kwa kumnyamazisha binti yake alikuwa anamfundisha adabu.

Wanaoitetea sheria hii hukimbilia kwanza kwenye dini, nami ningependa waiangalie dini hiyo kwa makini zaidi. Hadithi maarufu kuliko zote kuhusu adabu za kula, iliyomo katika Bukhari na Muslim, vitabu viwili vikuu vya hadithi za Mtume, inamhusu mtoto. Umar bin Abi Salama, aliyelelewa katika nyumba ya Mtume, alikuwa akiuzungusha mkono wake huku na huku katika sahani, na Mtume akamwambia amtaje Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Maneno hayo matatu ambayo kila mtoto wa Kiislamu wa pwani anayajua kwa moyo yalisemwa mbele ya chakula, yakielekezwa kwa mtoto, kwa upole, na bila kumwaibisha. Katika Muslim imo pia habari ya siku Mtume alipoomba kitoweo akaambiwa hakuna isipokuwa siki, naye akawa anaila huku akiisifu na kurudia kwamba siki ni kitoweo kizuri. Imam Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbali zaidi katika mlango wake wa adabu za kula, akawataka watu wanaokula pamoja wasikae kimya, bali wazungumze mambo mema na kusimuliana habari za watu wema. Kwa hiyo anayetaka kumnyamazisha mwanawe na amnyamazishe kwa jina lake mwenyewe, asiibebeshe dini.

Wengine husema hiyo ndiyo mila yetu. Mila ipi? Kwa Wasukuma, wanaume na vijana walikula jioni wakiuzunguka moto wa uani, na hapo ndipo vijana walipopokea historia ya ukoo, methali na mambo ya mifugo. Monica Wilson, aliyefanya utafiti wake miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alieleza jinsi wavulana wa rika moja walivyokula pamoja kwa kuzunguka nyumba za wazazi wao, na jinsi wazee walivyoyathamini mazungumzo ya marafiki kama njia ya kupata busara. Ninakiri kwamba wako wazazi wetu wengi wa zamani walioutaka ukimya, na kwamba katika nyumba nyingi baba alikula peke yake sebuleni, na mama akaishia na ukoko jikoni baada ya kila mtu kushiba, jambo ambalo ningefurahi kuona tunaliacha kabisa. Hata hivyo watoto wa enzi hizo walikuwa na saa nyingine za kusikilizwa: walikuwa na bibi wa kuwatolea hadithi usiku, na shamba ambalo walilima bega kwa bega na wazazi wao.

Mtoto wa mjini leo ana saa ngapi? Anaondoka nyumbani alfajiri kugombea daladala, anatoka shule na kuunganisha tuisheni, na wazazi wake wanafika wakiwa wamechoshwa na foleni wakati yeye anakaribia kusinzia. Chakula cha usiku ndiyo nafasi pekee ambayo watu wa nyumba moja wanatazamana nyuso, na hata hiyo tumeigawia taarifa ya habari ya saa mbili na makundi ya WhatsApp. Kumwambia mtoto asiongee wakati huo ni kumwambia asiongee nasi kabisa.

Hapa ndipo penye jambo ninalolijali kuliko yote. Adabu za sinia na adabu za mazungumzo zina mzizi mmoja. Mtoto anayefundishwa kula cha mbele yake, asipeleke mkono upande wa mwenzake, na asiguse finyango la nyama lililowekwa katikati mpaka mkubwa alimege na kumsogezea, anafundishwa kwamba hayuko peke yake na kwamba anapaswa kusubiri zamu yake. Mafunzo hayohayo ndiyo anayohitaji katika kuzungumza: asimkatize anayesema, asiipore habari ya mwingine, asiseme na tonge mdomoni, amwachie mgeni nafasi, na ajue pa kukomea. Hakuna anayejifunza kula vizuri kwa kufungwa mikono, na kwa sababu hiyohiyo hakuna anayejifunza kusema vizuri kwa kufungwa mdomo. Yule binti wa darasa la tatu alikuwa katikati ya kazi ngumu: alikuwa akipanga matukio yafuatane, akikumbuka kwamba sisi hatukuwapo shuleni na kwa hiyo tunahitaji kuambiwa mti ulikuwa wapi, na akipima kama tunaendelea kumsikiliza. Baadaye atakapotakiwa kusimama mbele ya darasa na kujieleza, akajikunja na kunong'ona, tutasema watoto wa siku hizi hawajiamini.

Huko Marekani, Catherine Snow wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake waliyarekodi mazungumzo ya mezani katika familia za kipato cha chini, wakaona kwamba masimulizi na maelezo ambayo watoto waliyasikia na kushiriki wakati wa kula yalihusiana na utajiri wa msamiati wao baadaye. Ninalitaja hilo kwa ajili ya wazazi wanaoamini kwamba lugha ya mtoto hununuliwa kwa ada tu.

Nakubali kwamba mtoto mwenye samaki wa miiba mdomoni anyamaze mpaka ameze, kwa kuwa kupaliwa si mchezo. Nakubali pia kwamba si kila neno ni la kwenye chakula: kusengenya majirani, kukosoa mapishi mbele ya aliyepika, na kuzozana juu ya kodi ya nyumba mbele ya watoto ni utovu wa adabu, na mara nyingi wanaoufanya ni sisi wakubwa.

Yako pia mazungumzo mabaya kuliko kimya, nayo ni yale ya kuligeuza jamvi kuwa mahakama. Baba ambaye wiki nzima hakumwuliza mwanawe lolote anamngoja aketi, amege tonge la kwanza, ndipo aulize umepata ngapi kwenye hisabati na yule mtoto wa jirani amepata ngapi. Mtoto wa aina hiyo hula haraka, husema ameshiba na sahani bado imejaa, na kuondoka, nasi tunamsifu kwamba ni mtulivu.

Ningependa wazazi wenzangu wajaribu jambo dogo usiku wa leo. Runinga izimwe kabla ya kunawa, simu zote ziwekwe juu ya kabati pamoja na ya baba, mama akae ale na wengine badala ya kusimama akigawa, na mmoja wa wakubwa amwulize mtoto habari isiyo na alama wala adhabu ndani yake: nani alikaa naye kwenye basi, mwalimu aliwachekesha kwa jambo gani, yule kinyonga aliishia wapi. Siku za mwanzo watajibu kwa neno moja na kukutazama usoni, kwa kuwa wamezoea swali la mkubwa kufuatwa na karipio, na inawezekana mkamaliza wali wote mkiwa hamjapata habari yoyote. Kesho yake ulizeni tena.