Kabla hawajashusha gia boksi yako

Fundi alikanyaga klachi mara moja tu, akatikisa kichwa. "Bosi, klachi pleti imeisha. Tushushe gia boksi." Shilingi 18,000, ufundi ndani yake. Nilikuwa nimefika kwake nikisukumwa, jasho la kukwama Jogoo Road saa za jioni bado halijanikauka, na karibu nikubali.

Kilichonizuia ni jambo dogo. Pleti ikiisha, klachi huteleza: ukipanda Kangemi unakanyaga mafuta, injini inalia, gari haliongezi mwendo. Langu halikuwa likiteleza. Lilikuwa linakataa gia. Pedali ilizama hadi sakafuni laini kama sponji, gia ya kwanza na rivasi zikigoma kabisa, lakini nikizima injini zote zinaingia bila ubishi. Tena nikipampu pedali mara tano sita, klachi inarudi kwa muda. Hapo pleti haina kesi ya kujibu. Hapo kuna upepo, au kuna mpira unaovujisha, au vyote viwili.

Magari mengi ya siku hizi yenye gia za mkono hayavuti waya wa klachi. Mguu unasukuma mafuta ya breki kutoka silinda ya juu, ile iliyo nyuma ya pedali, hadi silinda ndogo kwenye gia boksi, nayo inasukuma uma unaoachanisha klachi na injini. Mafuta hayabanwi, upepo unabanwa. Kiputo kikiingia kwenye paipu, nguvu za mguu wako zinaishia kukifinya, na uma hausogei vya kutosha.

Siwaiti mafundi wa kando ya barabara wezi. Wengi wanajua kazi kuliko mimi. Ila kushusha gia boksi kuna pesa, kutoa upepo hakuna, na mtu hula panapomlisha. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba kutoa upepo kuwe kwa kwanza, na mwenye gari akufanye mwenyewe. Nilitumia chupa mpya ya mafuta ya breki, kipande cha paipu ya plastiki inayoonyesha ndani, chupa tupu ya maji na spana namba 8. Magari mengine yanataka 10.

Kinachohitajika zaidi ni mtu wa pili. Wangu alikuwa binti yangu wa miaka 14, aliyevuta kiti mbele hadi kifua kikakaribia usukani. Mimi niliinama juu ya injini, paipu nimeivika kwenye nipo, ile skrubu ya kutolea upepo, ya silinda ya chini, ncha nyingine imezama kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga, Baba."

Nalegeza nipo, mafuta meusi kama kahawa yanaruka na viputo, nakaza. "Achia!" Na tena. Mara ya saba hivi vile viputo vilikuwa vidogo kama mbegu za nyanya, nikafurahi, nikasema "Sawa!" Akaachia. Nipo ilikuwa wazi bado. Paipu ilikuwa imechomoka kwenye mafuta bila mimi kuona, klachi ikavuta upepo wote niliokuwa nimeutoa, tukaanza upya. Tangu hapo ni marufuku neno lolote zaidi ya kanyaga na achia, hata kama keateka amekuja kuuliza nani ameruhusu gereji kwenye parking ya wapangaji. Alikuja.

Kopo la juu, lile la kumiminia mafuta ya breki, lisikauke hata mara moja, la sivyo utarudi mwanzo. Na usikubali mafuta ya chupa iliyokaa wazi kwenye rafu ya mtu, kwa sababu yananyonya unyevu hewani. DOT 3 mpya, aina mojawapo ya mafuta hayo, huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Ikishanyonya maji yaweza kushuka hadi karibu 140, na magari mengine klachi na breki zinakunywa kopo moja. Ukimwagia bodi, mwaga maji upesi. Mimi nina doa la ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi pale rangi ilipobanduka.

Klachi ikawa ngumu, gia zikaingia kama kisu kwenye siagi. Wiki mbili. Halafu kopo likaanza kupungua. Upepo ule uliingilia mahali, nami sikuwa nimepatafuta. Nilipofunua kile kiatu cha mpira kwenye silinda ya chini, kidole kilitoka kimelowa. Jumamosi nilienda Kirinyaga Road, ambayo wengi bado tunaiita Grogan, nikiwa na silinda yenyewe kwenye mfuko wa plastiki ili nisiuziwe mipira ya gari lingine.

Niliporudi na kumaliza kuifunga, niliinua kichwa nimwite binti. Alikuwa ndani tayari, kiti amekivuta mbele.