Papa si baba kila pahali

Mwandishi wa ile makala juu ya neno «papa» anasema «papa» ya hapa Goma, maana yake baba, imetoka kwa Kifaransa, sawa, ni kweli, lakini asitudanganye eti kila papa duniani ni yule yule. Shemeji yangu alifika Mombasa akasikia sokoni wanauza papa, alishtuka juu kule papa ni samaki, ule mkali wa meno mingi 😂 Na Peru papa ni kiazi, ile tunaita hapa birayi, kabisa kama ya Masisi karibu na Goma, neno la Kikechua, lugha ya wenyeji wa kule, Wahispania walilikuta pale pale. Georgia, ile nchi ya Kaukazi, njo wananiua, baba kule anaitwa mama! Mama ni deda. Mtoto anafunga tu midomo anafungua, pa, ma, kisha kila mzazi anajichukulia yake.