Nyumba ya mbao ikitoka kiwandani, mshono ni wa nani?

Kwenye ujenzi wa kawaida, mchoro wenye kasoro huokolewa na fundi. Bomba halipiti? Ukuta unachimbwa. Moduli za mbao zimeifuta nafasi hiyo: chumba kinafika saiti kikiwa na nyaya, vigae na choo, kinangoja kreni tu.

Wanaozisifu wana hoja. Kiwandani vipimo vinaweza kudhibitiwa ndani ya milimita 2 au 3, mbao hazinyeshewi, na bafu la kwanza linakaguliwa kabla ya mengine 39 kuanza. Ila msanifu analazimika kufunga maamuzi yote kabla ubao wa kwanza haujakatwa. Hata upana wa chumba haupangi peke yake. Lori na barabara vinatangulia kusema.

Mhandisi ndiye aliyeongezewa kazi zaidi. Hapigi tena hesabu ya jengo lililotulia tu, bali pia ya moduli inayoning'inia kwenye minyororo minne na kutikiswa njiani. Akiisahau, bodi za jipsamu hupasuka kwenye pembe za milango kabla mwenyewe hajahamia. Kuna na kusinyaa: boriti ya kimo cha milimita 240 ikikauka kutoka unyevu wa asilimia 16 hadi 10 hupungua takriban milimita 3.6. Zikibebana ghorofa nane, ni karibu milimita 29, na bomba la maji taka lililokazwa kuanzia chini hadi juu halitashuka nazo.

Jengo la Treet, Bergen, Norwei (2015, ghorofa 14), halikuziachia moduli mzigo wote: zimepandanishwa ghorofa nne nne, na fremu ya mbao zilizogundishwa ndiyo inayobeba jengo.

Kwangu mimi, hoja kwamba moduli zinaua ubunifu wa msanifu inatiwa chumvi. Hatari iko kwenye mshono. Kati ya moduli mbili kuna uwazi ambao moto unaweza kuupandia. Kizuizi chake anaweka nani? Kiwanda kinasema saiti, saiti inasema kiwanda, na moduli ya jirani ikishatua hakuna jicho linalofika tena. Msingi nao: zege likipotoka milimita 10, moduli ya chini inakaa upande na ya juu inarithi. Hivyo mkataba umtaje mwenye kila kiungo, na msingi upimwe moduli zikiwa bado kiwandani, si lori likiwa getini.